Bai'a Si Hati ya Shamba

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na aali zake na sahaba zake.

Amma baad. Tarehe 16 Oktoba 1975, Mahkama ya Kimataifa iliyoko mji wa Hague, Uholanzi, ilitoa rai yake juu ya nchi ya Sahara Magharibi, iliyokuwa koloni la Uhispania. Imekwisha pita miaka 50 na zaidi, na bado Waislamu kwa Waislamu wanagombana kwa ajili ya maandishi hayo. Huyu asema yanampa haki yeye, na yule asema yanampa haki yeye. Wengi wa wanaoyataja hawajayasoma, na katika waliosoma wako waliosoma nusu. Kwa hiyo tumeona yatupasa tuyatazame maandishi yenyewe, tuseme lililo sawa ndani yake na lenye kasoro, kwa kuwa mambo yanayozungumzwa humo, yaani utiifu kwa mtawala, zaka, na Dar-ul-Islam, ni mambo yetu, tunayoyasomesha watoto wetu vyuoni.

Kwanza msomaji ajue asili ya shauri hili. Uhispania ilikuwa na sehemu 3 katika kusini ya nchi ya Moroko, ambayo Waarabu huiita Maghribi. Sehemu ya kwanza ni mji wa Ifni na viunga vyake. Ya pili ni Tarfaya, mkabala wa visiwa vya Canary. Ya tatu ndiyo Sahara yenyewe, ambayo Wahispania walitangaza mwaka 1884 kuwa iko chini ya himaya yao, katika miezi ile ile ambayo wakubwa wa Ulaya walikutana Berlin kuigawa Afrika. Moroko ilipopata uhuru wake mwaka 1956 ilizidai sehemu zote hizi. Tarfaya ilirudishwa mwaka 1958, na Ifni mwaka 1969. Sahara haikurudishwa. Huko Bou Craa palikuwa na madini ya fosfati, na Wahispania walijenga mkanda wa kuyachukua mawe hayo mpaka pwani, mwendo wa karibu kilomita 100. Mwenye kupata mali katika nyumba ya watu si mwepesi wa kuhama.

Kwa hiyo ugomvi huu haukuanza baina ya Waislamu. Ulianza kwa mgeni aliyeingia nyumba isiyo yake. Na wenyewe hawakumkubali kwa radhi. Sheikh Ma al-Aynayn, mwanachuoni mkubwa aliyejenga mji wa Smara mwishoni mwa karne ya 19 na kuweka humo maktaba ya vitabu, aliwakusanya makabila kuwapiga vita Wafaransa waliokuwa wakisonga kutoka kusini, na akapata msaada wa masultani wa Maghribi. Alifariki mwaka 1910. Mwaka 1913 askari wa Kifaransa waliuvamia Smara, na maktaba ile ikateketea. Tumelitaja hili kwa sababu Moroko humtoa Sheikh huyu kuwa ni ushahidi wake, na Wasahrawi nao humtoa kuwa ni ushahidi wao. Wote wawili wana ukweli. Alimtii Sultani, na alipigana kwa ajili ya watu wake.

Basi mwaka 1974 Uhispania ilipotangaza kuwa itafanya kura ya maoni kuwauliza Wasahrawi wanataka nini, Moroko ilipinga, na Mauritania nayo, jirani wa kusini, ilikuwa na dai lake. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, mwezi wa Desemba 1974, likaipelekea Mahkama maswali mawili. La kwanza: Je, wakati Uhispania ilipoingia, Sahara ilikuwa ni ardhi isiyo na mwenyewe? La pili: Ikiwa ilikuwa na wenyewe, ilikuwa na mafungamano gani ya kisheria na Ufalme wa Moroko, na pamoja na nchi ya Mauritania?

Tazama vizuri namna maswali yalivyopangwa. Hakuna swali lisemalo: Wasahrawi ni nani, na wanataka nini? Swali la kwanza ni juu ya Mzungu na ardhi. Swali la pili ni juu ya majirani na ardhi. Wenye kukaa juu ya ardhi wamepitwa pande zote mbili. Na mbele ya Mahkama walisimama kuzungumza wawakilishi wa nchi 5: Uhispania, Moroko, Mauritania, Aljeria na Zaire. Kadhi yeyote wa kwetu anajua kwamba shauri la mirathi halisikilizwi kwa majirani peke yao na warithi wamekaa nje. Hii ndiyo kasoro ya kwanza, nayo ilikuwamo katika maulizo kabla haijaingia katika majibu.

Sisi watu wa pwani tunaijua namna hii ya maulizo. Mwaka 1886 wakubwa wa Ulaya walipotaka kujua milki ya Sayyid Barghash inafika wapi, walileta makamishna wao wakapita pwani kuchunguza, kisha Uingereza na Ujerumani zikapatana kuwa milki yake katika bara ni ukanda wa maili 10 tu, tangu mto Minengani mpaka Kipini. Aliyekuwa akilima katika maili ya 11 hakuulizwa kama yeye na jamaa yake wa maili ya 9 ni watu mbali mbali.

Tuje kwenye majibu. Jibu la kwanza ni zuri, na yatupasa tuliseme kwa insafu. Majaji wote kwa kauli moja walisema kwamba Sahara haikuwa ardhi isiyo na mwenyewe. Walisema kuwa watu wake, ingawa walikuwa wa kuhamahama, walikuwa na makabila yaliyopangika, na masheikh wenye mamlaka ya kufunga mikataba kwa niaba yao. Na Uhispania yenyewe haikuingia kwa madai ya kuwa imekuta jangwa tupu, bali ilidai kuwa imefunga mikataba na wakubwa wa mahali pale. Kwa maneno haya ulipigwa pigo uwongo mkubwa uliotumika kunyang'anya ardhi za watu katika Afrika na kwingineko: kwamba mtu asiyejenga nyumba ya mawe, na asiyelima mahali pamoja, hana ardhi. Mwakilishi wa Zaire, Bayona-ba-Meya, alikwenda mbali zaidi mbele ya Mahkama, akaeleza kwamba ardhi ina fungamano na mtu aliyezaliwa humo na wazee wake waliozikwa humo, na fungamano hilo ni la kiroho, wala halikatwi na mtu wa nje. Katika lugha yake mna mambo ya mila tusiyoafikiana nayo sote, lakini asili ya hoja yake ni ya haki.

Jibu la pili ndilo lenye mashaka, na ndilo lililozaa maneno. Moroko ilileta hoja nyingi. Ilisema kwamba masultani waliwapa barua za ukaidi wakubwa wa makabila ya Tekna na wengineo; kwamba zilitozwa kodi za kisheria; kwamba Sultani Mulai Hassan wa Kwanza alikwenda kusini na jeshi mwaka 1882 na mwaka 1886; na kwamba mataifa ya nje yalizungumza na Sultani kila mabaharia wao walipovunjikiwa na vyombo katika pwani ile wakakamatwa. Mahkama ilizipima hoja hizi moja moja, ikasema kwamba zinathibitisha kuwapo mafungamano ya utiifu baina ya Sultani na baadhi ya makabila ya nchi ile. Ikasema kadhalika kwamba kulikuwa na mafungamano, pamoja na haki fulani za ardhi, baina ya Sahara na watu wa nchi ya Mauritania. Kisha ikasema kwamba yote hayo hayafiki kuwa ni umiliki wa nchi, wala hayazuii watu wa Sahara kujiamulia mambo yao kwa kueleza matakwa yao kwa uhuru.

Katika hoja hizo iko moja inayotuhusu sana sisi tunaosoma Kiarabu. Mwaka 1767 Sultani Sidi Muhammad bin Abdallah alifunga mkataba na mfalme wa Uhispania. Kifungu cha 18 kinahusu pwani ya Wadi Nun na kuendelea kusini. Nakala ya Kihispania yamfanya Sultani aseme kwamba hawezi kuchukua dhamana kwa kuwa mamlaka yake hayafiki huko. Nakala ya Kiarabu yaeleza vingine: kwamba Sultani hachukui dhamana ya watakayofanyiwa wavuvi wa Canary na Waarabu wa huko, kwa sababu ni watu wasio na makao maalumu na ni vigumu kuwatekelezea amri. Msomaji aone tofauti ilivyo kubwa. Kusema "si watu wangu" ni jambo moja, na kusema "ni vigumu kuwashika" ni jambo jingine. Baba mwenye mtoto mkaidi husema la pili, wala halimtoi katika ubaba. Mahkama ilizijua tofauti hizo, lakini ikahitimisha kwamba mkataba huo hautoshi kuthibitisha kwamba Uhispania ilimtambua Sultani kuwa mmiliki wa Sahara. Huenda hitimisho hilo ni sawa. Lakini ingefaa Kiarabu kipewe haki yake na kichambuliwe neno kwa neno, kwa kuwa aliyesema alisema kwa Kiarabu, na tafsiri ni mtoto wa asili, si asili yenyewe.

Sasa tufike kwenye shina. Mahkama ilisema maneno mawili ambayo Mwislamu hana budi kuyapima. Neno la kwanza ni kwamba umoja wa dini peke yake hauthibitishi umiliki, na kwamba hata ndani ya Dar-ul-Islam zilikuwako dola mbali mbali, jambo ambalo Moroko yenyewe ilikiri. Hili ni kweli, na historia yetu yashuhudia. Ibn Battuta, mtoto wa Tangier katika hiyo hiyo Maghribi, alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, akasali na watu wake na akakirimiwa na Sultani wa Kilwa. Hakuna aliyesema kwamba kwa kuwa wamesali safu moja, basi Kilwa ni ya Maghribi. Udugu wa Kiislamu humfungulia mtu mlango wa nyumba ya nduguye, lakini haumpi ufunguo wake.

Neno la pili ni kwamba utiifu kwa mtawala waweza kuwa dalili ya umiliki wake, lakini lazima uwe utiifu wa kweli, unaoonekana kwa vitendo vya kuyakubali mamlaka yake. Hapa ndipo tunapoikosoa Mahkama. Si kwamba imesema uwongo, bali imesimama mlangoni isiingie. Utiifu huo una jina katika sheria yetu, nao ni bai'a. Rai ile haikukaa kuichambua bai'a kwa vipimo vya wanavyuoni. Iliitafuta ardhi ndani ya bai'a, ikapima kwa vipimo vya mataifa ya Ulaya: mipaka, kodi, jeshi. Ilipokosa vipimo hivyo ikasema kuna fungamano lakini si umiliki, ikaliacha fungamano hilo linaning'inia bila ya maelezo. Nini kazi yake? Linamlazimu nani, na kwa lipi? Haikusema. Na kitu kisichofafanuliwa huokotwa na mwenye nguvu, akakifafanua apendavyo.

Lau ingeingia ndani, ingekuta nini? Imam Al-Mawardi, wa madhehebu yetu ya Shafi'i, aliyefariki mwaka 450 Hijria (1058), ameeleza katika kitabu chake juu ya hukumu za utawala kwamba uongozi ni mkataba wa kuridhiana na kuchagua, wala haingii humo mtu kwa kulazimishwa. Na ameuwekea mkataba huo wajibu 10 wa mtawala, miongoni mwake kuilinda dini, kukata mashauri kwa haki, kuweka amani njiani, na kusimamia mambo mwenyewe. Bai'a basi ni mikono miwili. Mkono mmoja watoa utiifu, na mkono wa pili watoa ulinzi na uadilifu. Wanaofungwa na mkataba huo ni watu, si mchanga. Huwezi kuchukua bai'a aliyotoa mtu mwaka 1886 ukaiweka kabatini pamoja na hati za mashamba, kisha ukaitoa mwaka 1975 ukamwambia mjukuu wake: wewe na ardhi yako mmo katika karatasi hii.

Na watu wa Maghribi na wa Sahara wote ni wafuasi wa Imam Malik. Wanahistoria wamesimulia kwamba Imam Malik alipigwa mijeledi mjini Madina katika zama za Khalifa Al-Mansur, kwa sababu alikuwa akisomesha kwamba kiapo cha mwenye kulazimishwa hakimfungi. Watawala walifahamu mara moja kwamba fatwa hiyo inagusa bai'a zao. Alipigwa mpaka mkono wake ukaharibika, wala hakuirudisha fatwa yake. Huyu ndiye Imam wa pande zote mbili zinazogombana. Lau pande hizo zingerudi kwa Imam wao kabla ya kwenda Hague, zingepata jibu lililo karibu zaidi: mwulizeni mwenye mkono kama anautoa kwa radhi yake.

Yafaa tuseme pia kwamba hoja hii inaikata pande zote mbili. Msomaji asifikiri tumewapa ushindi wale wanaodai kwamba Sahara na Maghribi hazikuwa na lolote baina yao. Hilo nalo ni uwongo, na Mahkama imelikataa. Bai'a zilitolewa, tena nyingine zilitolewa na wanavyuoni na mashujaa. Misafara ilikwenda na kurudi, watu walioana, vitabu vilisafiri kutoka Fes mpaka Smara. Wako miongoni mwa Wasahrawi na watetezi wao waliosoma mstari wa mwisho wa rai ile peke yake, ule wa kujiamulia, wakayafuta yaliyotangulia kana kwamba hayakuandikwa. Kumkana jamaa yako ili upate haki yako si sharti la kupata haki.

Lakini usomaji wa nusu uliodhuru zaidi ni ule wa upande wa pili. Siku ile ile ya tarehe 16 Oktoba 1975, Mfalme Hassan wa Pili alitangaza kwamba Mahkama imekubali dai lake, kwa sababu imesema kulikuwa na mafungamano ya utiifu. Sehemu ya pili ya sentensi aliiacha. Wanafunzi wetu wanaujua mfano wa mtu aliyesoma aya inayowaonya wenye kusali akasimama hapo hapo, asifike kwenye maelezo ya ni wenye kusali gani wanaoonywa. Akajipatia ruhusa ya kuacha sala kutoka katika Qur'ani yenyewe. Ndivyo ilivyofanywa rai ile. Tarehe 6 Novemba watu wapatao 350,000 walivuka mpaka katika yale yaliyoitwa Maandamano ya Kijani, wengi wao wameshika Misahafu mikononi.

Hapana shaka wengi katika watu wale walikwenda kwa nia safi, wakiamini wanamtoa mkoloni katika ardhi ya Waislamu, na kila mtu atapata alilolinuia. Lakini Msahafu haubebwi kuwa bendera mbele ya Mwislamu mwenzio. Waliokuwa upande wa pili wa mpaka walikuwa nao Msahafu huo huo. Muhammad Bassiri, wa kwanza kuwapanga Wasahrawi wadai haki yao kwa amani, alikuwa mwalimu wa Qur'ani na Kiarabu mjini Smara. Wahispania walimkamata baada ya maandamano ya Juni 1970, na hakuonekana tena. Mtu huyo hakuhitaji kuletewa Msahafu kutoka kaskazini.

Kisha tazama nani aliyefaidika. Tarehe 14 Novemba 1975 yakafungwa mapatano Madrid, Uhispania ikazikabidhi Moroko na Mauritania uendeshaji wa nchi, na yenyewe ikabaki na asilimia 35 ya kampuni ya fosfati. Na miezi michache tu kabla yake, ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulikuwa umeitembelea nchi, ukaona kwamba karibu wote waliokutana nao humo wanataka uhuru. Hawakuulizwa tena. Februari 1976 Uhispania iliondoka, na Polisario, chama kilichoundwa mwaka 1973, kikatangaza Jamhuri. Vita vikawaka. Mauritania ilichoka, ikajitoa Agosti 1979, na Moroko ikaichukua sehemu yake pia. Hivi ndivyo anavyofanya mgeni: huvuruga nyumba, akaondoka na fungu lake, akawaachia ndugu panga.

Kutoka mwaka 1980 mpaka 1987 Moroko ilijenga ukuta wa mchanga na mawe, wenye urefu wa kilomita zipatazo 2,700, na ukazungukwa na mabomu yaliyozikwa ardhini. Upande mmoja wabaki miji, pwani yenye samaki na fosfati. Upande mwingine wabaki jangwa, na kupita hapo, karibu na Tindouf katika Aljeria, ziko kambi za wakimbizi. Kambi hizo wamezipa majina ya miji yao: El Aaiún, Smara, Dakhla, Awserd, Boujdour. Mtoto huzaliwa katika Smara ya mahema, akakua, akaoa, na Smara ya mawe hajaiona. Mama na dada yake wametengana kwa ukuta tangu walipokuwa wasichana, na sasa ni mabibi. Na sheria yetu yasema nini juu ya kukata udugu wa damu? Kila nyumba yenye mwalimu yaijua jawabu.

Na katika vita hivyo hapana aliyebaki na mikono safi. Moroko iliwaficha mamia ya Wasahrawi katika magereza ya siri, jamaa zao wasijue kama wahai au wamekufa, mpaka wengi wao walipotolewa mwaka 1991. Polisario nayo iliwashika askari wa Kimoroko miaka mingi, hata baada ya vita kusimama, na 404 wa mwisho waliachiwa Agosti 2005, wengine wakiwa wamekaa kifungoni karibu miaka 20. Mateka wa Kiislamu katika mikono ya Waislamu, nao walifunga Ramadhani zile zile.

Afrika Mashariki haikuwa mbali na jambo hili. Tanzania iliitambua Jamhuri ya Wasahrawi mwaka 1978. Ilikuwa mjini Nairobi, Juni 1981, katika mkutano wa wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, Mfalme Hassan aliposema kwamba yuko tayari ifanywe kura ya maoni. Na Novemba 1984, katika mkutano wa Addis Ababa ambao Mwalimu Nyerere alichaguliwa kuwa mwenyekiti, Wasahrawi walikalia kiti chao na Moroko ikatoka katika umoja huo, isirudi katika umoja wa Afrika mpaka mwaka 2017. Vita vilisimamishwa Septemba 1991 kwa ahadi ya hiyo kura. Kura haikufanywa. Walishindwa kukubaliana nani aandikwe kuwa Msahrawi, yaani swali lile lile lililopitwa mwaka 1974. Novemba 2020 kusimamisha vita kulivunjika. Na Oktoba 2025 Baraza la Usalama lilipitisha azimio nambari 2797, likaufanya mpango wa Moroko wa mwaka 2007, wa kuwapa Wasahrawi utawala wa ndani chini ya Ufalme, kuwa msingi wa mazungumzo.

Wako wanaosema kuwa mambo sasa yamekwisha, na kwamba afadhali mkate nusu kuliko njaa. Huenda utawala wa ndani ukawa ni suluhu njema, na huenda usiwe. Sisi hatukai Rabat wala Tindouf, na si adabu kuwachagulia watu maisha yao kutoka pwani ya mbali. Tunalosema ni moja: suluhu yoyote isiyopita katika midomo ya Wasahrawi wenyewe, wa ndani ya ukuta na wa nje yake, ina kasoro ile ile iliyokuwamo katika maulizo ya mwaka 1974. Na aliye na hakika kwamba watu wanampenda, haimpasi kuogopa kuwauliza.

Basi hukumu yetu juu ya rai ile ya Hague ni hii. Ni maandishi ya insafu, yaliyoandikwa na watu waliokuwa na elimu ya sheria zao. Yameukataa uwongo wa ardhi isiyo na mwenyewe, na yametenganisha vizuri baina ya udugu wa dini na umiliki wa nchi. Kasoro yake ni kwamba yaliijua bai'a kwa jina la kigeni, yakaiona ni kamba ya zamani iliyokatika, na kumbe ni mkataba ambao dawa ilikuwamo ndani yake. Na kasoro kubwa zaidi si yake bali ni yetu. Waislamu wawili walipogombana, walimwendea kadhi wa mbali, naye akawaambia mwishoni jambo ambalo Malik na Al-Mawardi walikwisha lisema: radhi ya mtu haichukuliwi kwa nguvu. Kisha hata hilo hawakulifuata. Sura Al-Hujurat imetuwekea kazi ya kuwapatanisha waumini wanaopigana, na imeshurutisha mapatano hayo yawe ya uadilifu. Mapatano yasiyokuwa na uadilifu ni kunyamaza tu, na anayenyamaza kwa kuelemewa hajapatana na mtu.

Nanyi wazazi, mambo haya yamo katika nyumba zenu pia. Kaka mkubwa aliyewalea nduguze ana haki ya kuheshimiwa na kutiiwa katika mema. Lakini baba akifa, heshima hiyo haigeuki kuwa hati ya nyumba. Asiseme: mlikuwa mkinitii, basi fungu lenu ni langu. Wala wao wasiseme: kwa kuwa tunataka fungu letu, basi hukutulea. Anayeyafahamu haya mawili sebuleni kwake ameifahamu Sahara.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awaunganishe waliotenganishwa na ukuta ule, awape viongozi wa pande zote insafu ya kusoma sentensi mpaka mwisho wake, na awarudishe wakimbizi katika nyumba zao kwa izza. Amin. Wabillahi tawfiq.